Mtoto Anayepimwa Kabla ya Kuingia Tumboni



Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa kijiji chetu. Mama huyu amezika watoto wawili, wa kwanza akiwa na miaka minne, wa pili akiwa na miaka saba. Wote wawili walikuwa na ule ugonjwa wa damu ambao katika hospitali huitwa drepanositozi, na sisi vijijini twasema tu: ni mtoto wa SS. Wanaoujua ugonjwa huo hawahitaji maelezo yangu. Wamemsikia mtoto akilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, tena wamekimbia naye mgongoni kutafuta damu ya kuongezewa. Jumapili moja, baada ya Misa, mama huyu alinisubiri mlangoni pa kanisa, akaniambia: «Mwalimu, mtoto wa dada yangu aliye Lubumbashi amenieleza kwamba huko Ulaya madaktari waweza kumpima mtoto hata kabla hajaingia tumboni mwa mama yake, wakawachagua wale wasio na SS. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni nani aliyewapa ruhusa?»

Nilimjibu kwamba ni kweli. Lakini swali lake la pili halikuwa la kujibiwa mlangoni. Nilimwomba anipe muda, nikaenda kwa Padri kuazima vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Twajua kwamba mtoto huanza pale mbegu ya baba inapokutana na yai la mama. Jambo hilo hutendeka gizani, katika mirija iliyo ndani ya mwili wa mama, wala hakuna jicho linaloliona. Mtoto wa siku hizo za kwanza ni mdogo kuliko chembe ya chumvi, na wataalamu humwita kiinitete. Mwingereza mmoja, jina lake Robert Edwards, alijitaabisha miaka mingi ili jambo hilo litendeke nje ya mwili, katika chombo cha kioo, kwa ajili ya wanawake ambao mirija yao imeziba. Alisaidiwa na daktari Patrick Steptoe, na muuguzi Jean Purdy, ambaye kwa miaka mingi watu hawakumtaja sana, ingawa kazi yake ilikuwa kubwa. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, akazaliwa msichana Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuanza maisha yake ndani ya kioo.

Lakini angalieni jambo hili. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1968, Edwards huyo huyo na mwenzake Richard Gardner walitoa chembe chache katika viinitete vya sungura, wakatambua vipi ni vya kiume na vipi ni vya kike, kisha wakaviingiza katika matumbo ya sungura majike. Wana walipozaliwa, ikaonekana kwamba walikuwa wametambua sawasawa. Basi wazo la kupima na kuchagua lilitangulia kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza wa kioo. Halikuja baadaye kama mgeni asiyetazamiwa.

Nami nataka mjue jinsi mtu mmoja wa Kanisa alivyoipokea habari ya Oldham. Kardinali Albino Luciani, askofu mkuu wa Venezia, aliulizwa na waandishi wa habari. Alikuwa na mashaka juu ya njia iliyotumika, wala hakuyaficha. Lakini alimtakia mtoto yule mema, akasema kwamba hana haki ya kuwahukumu wazazi wake. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Agosti 1978, Luciani alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria yule mama aliyenisubiri mlangoni, nikafurahi kwamba sikumjibu kwa haraka.

Baada ya Louise, watoto wengine wakazaliwa kwa njia hiyo, na katika maabara vikabaki viinitete ambavyo havikuingizwa katika tumbo lolote. Viwe vya nani? Je, mtaalamu aweza kuvifanyia majaribio? Mwaka 1982 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya watu 16 iyachunguze hayo, na mkuu wake akawa Mary Warnock, mwanamke mwalimu wa falsafa. Walitoa taarifa yao mwezi wa Julai 1984. Walisema kwamba kiinitete cha mwanadamu kisitumiwe ovyo, bali kilindwe na sheria; lakini waliruhusu kichunguzwe katika maabara mpaka siku ya 14, si zaidi. Wajumbe 3 walikataa kabisa kutia sahihi jambo hilo.

Kwa nini siku 14? Kwa sababu karibu na siku ya 15 huonekana juu ya kiinitete mstari mwembamba, ambapo mwili wa mtoto unaanza kupangika, na kabla ya hapo kiinitete kimoja chaweza bado kugawanyika kuwa mapacha. Mimi katekista siamini kwamba Mungu hungoja mstari huo ndipo ampende mtu. Walakini ni lazima nimtendee haki mama Warnock. Yeye alijua kwamba watu wa nchi yake hawapatani, na kwamba hawatapatana. Akaona sheria yahitaji mpaka unaoonekana na kila mtu, na siku zina faida hii, kwamba hata karani aweza kuzihesabu. Sisi tunaogombania mipaka ya mashamba twaelewa fikira hiyo. Mawe ya mpaka si shamba lenyewe, lakini pasipo mawe watu hupigana.

Mwezi wa Februari 1985 mbunge mmoja, Enoch Powell, alileta bungeni sheria ya kukataza majaribio yote juu ya viinitete. Wabunge 238 walimkubali, 66 tu walimkataa. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini wapinzani walijua kanuni za Bunge: walirefusha maneno mpaka muda ukaisha, na sheria ile ikafa pasipo kupigiwa kura ya mwisho. Ndipo wataalamu wakajua kwamba wakitaka kuendelea, yafaa wawaonyeshe watu faida ya kazi yao. Na faida waliyoichagua kuonyesha ilikuwa kuwaepusha wazazi na ugonjwa wa kurithi.

Hapa twafika katika kiini cha somo letu, yaani hospitali ya Hammersmith, mjini London, ambako Alan Handyside na daktari Robert Winston walifanya kazi. Walikuja kwao mama wenye magonjwa ambayo mama huyabeba bila yeye kuugua, lakini huwapata watoto wake wa kiume. Moja la magonjwa hayo huharibu ubongo wa mvulana polepole mpaka kufa. Handyside alikichukua kiinitete cha siku ya tatu, chenye chembe kama 6 au 8, akakitoboa ganda lake na kuondoa chembe moja. Katika chembe hiyo akatafuta alama iliyomo katika mwanamume peke yake. Alama ikionekana, ni mvulana. Isipoonekana, ni msichana, naye huyo akaingizwa tumboni. Habari hiyo ilichapwa katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature tarehe 19 Aprili 1990: mama wawili wamepata mimba, kila mmoja ana mapacha. Siku 4 baadaye, tarehe 23 Aprili, wabunge walipiga kura tena juu ya majaribio ya viinitete. Safari hii 364 walikubali, 193 wakakataa.

Ndugu zangu, lisikilizeni vizuri jambo linalofuata, kwa maana magazeti ya siku zile hayakulisema sana. Kipimo kile cha kwanza hakikutafuta ugonjwa. Kilitafuta uvulana. Na mama anayebeba ugonjwa wa namna hiyo, kila mwanawe wa kiume ana nafasi nusu ya kuwa mgonjwa na nusu ya kuwa mzima. Basi kati ya wavulana walioachwa, kwa kawaida nusu walikuwa wazima. Hawakuachwa kwa sababu ya ugonjwa wao. Waliachwa kwa sababu kipimo hakikuweza kuwatenga na ndugu zao. Siyasemi haya ili niwatukane madaktari. Walikuwa wamekaa na mama waliozika, kama mimi nilivyokaa nao. Lakini ikiwa twataka kujua jinsi ruhusa ilivyoanza, sharti tujue pia waliolipia.

Mwaka 1992, huko huko Hammersmith, alizaliwa msichana ambaye alipimwa kwa ugonjwa wenyewe, ule unaoyajaza mapafu ute mzito. Tangu hapo haikuwa lazima tena kumwacha mvulana kwa kuwa mvulana. Sheria ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi tarehe 1 Novemba 1990, na mwaka 1991 ikaanza kazi Mamlaka ya serikali ya kuisimamia. Pasipo kibali chake, hakuna daktari awezaye kupima kiinitete, na kila ugonjwa sharti uombewe ruhusa. Mimi, nisiyekubali jambo lenyewe, nakiri kwamba utaratibu ni bora kuliko kukosa utaratibu. Marekani haina sheria ya taifa zima inayosema ni magonjwa gani yapimwe, na huko mtu mwenye fedha aweza hata kuchagua mvulana au msichana kama apendavyo. Uingereza imekataza jambo hilo.

Lakini mawe ya mpaka, hata yaliyowekwa na serikali, yaliweza kusogezwa. Nitasimulia jinsi yalivyosogea.

Mwaka 2000 huko Marekani alizaliwa mtoto aliyechaguliwa kwa sababu mbili: hakuwa na ugonjwa wa damu uliokuwa ukimwua dada yake, tena damu yake ilipatana na ya dada huyo. Damu ya kitovu chake, ambayo kwa kawaida hutupwa, ilitiwa mwilini mwa dada, naye akapona ugonjwa wa damu. Mwaka 2001 wazazi wengine huko Uingereza, wenye mtoto mgonjwa wa talasemia, waliomba kufanya vivyo hivyo. Mamlaka ikakubali, kwa kuwa kiinitete chenyewe kingeweza kuurithi ugonjwa. Josephine Quintavalle, Mkatoliki na mkuu wa chama cha kutetea viinitete, akaishtaki Mamlaka. Mwezi wa Desemba 2002 jaji alimpa haki. Mwezi wa Aprili 2003 mahakama ya rufani ikamnyang'anya. Tarehe 28 Aprili 2005 majaji 5 wa Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wote kwa sauti moja, waliamua kwamba Mamlaka ilikuwa na uwezo wa kutoa kibali kile.

Kati ya hapo ilitokea familia ya pili. Mtoto wao mgonjwa hakuurithi ugonjwa wake, ulimjia tu. Kwa hiyo kiinitete hakikuwa na hatari yoyote, bali kingepimwa kwa faida ya kaka yake peke yake. Mwaka 2002 Mamlaka iliwakatalia. Wazazi wakapanda ndege kwenda Chicago, na mwaka 2003 wakazaa mtoto waliyemtaka. Mwaka 2004 Mamlaka ikabadili kanuni yake, ikaruhusu na hilo. Mwaka 2006 ikaruhusu kupima urithi wa saratani ya matiti na ya matumbo, magonjwa ambayo humpata mtu akiwa mzima, na pengine hayampati kamwe. Hivi leo orodha ya magonjwa yaliyoruhusiwa ni ya mamia. Katika kila hatua alikuwapo mtoto mgonjwa mwenye uso na jina, na mbele yake viinitete visivyo na uso. Mimi sioni ajabu kwamba mwenye uso alishinda. Ningekuwa jaji, sijui kama ningeweza kumtazama mama yake machoni na kusema hapana.

Nchi nyingine zilipita njia nyingine. Wajerumani walikuwa na kumbukumbu. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafanya tasa, hata kwa nguvu, watu walioitwa wenye kasoro za kurithi, na tangu mwaka 1939 iliwaua vilema na wagonjwa wa akili kwa maelfu, ikisema ni huruma. Kwa hiyo sheria yao ya kulinda viinitete, ya mwaka 1990, ilikuwa kali sana, na watu wote walidhani kwamba imekataza kupima. Kisha daktari mmoja wa Berlin akapima viinitete, akaenda mwenyewe kujishtaki ili ijulikane sheria yasemaje. Mwezi wa Julai 2010 mahakama kuu ikamwona hana kosa. Bunge likalazimika kuamua, na vyama vikamwacha kila mbunge afuate dhamiri yake. Tarehe 7 Julai 2011 wabunge 326 walikubali kupima kuruhusiwe, lakini kwa wazazi walio katika hatari kubwa tu, na kila shauri lipite kwanza mbele ya baraza la maadili. Mkuu wa serikali, mama Angela Merkel, alikuwa upande wa wale waliotaka kukataza. Alishindwa.

Italia nayo ilitoa sheria kali mwaka 2004. Mwaka 2005 watu waliitwa kupiga kura ili kuilegeza, lakini waliokwenda hawakufika nusu, na kura zile zikawa bure. Basi mume na mke waliobeba wote wawili ugonjwa ule wa mapafu waliipeleka serikali yao mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg. Mahakama ilitoa hukumu tarehe 28 Agosti 2012, nayo ilikuwa na neno gumu: sheria ya Italia ilimkataza mama kupima kiinitete, lakini sheria nyingine ya nchi ile ile ilimruhusu kuitoa mimba iliyokwisha kukua, ikionekana ina ugonjwa. Majaji wakasema kwamba sheria hizo mbili hazipatani. Nami nakiri kwamba walisema kweli. Mtu anayefunga dirisha na kuacha mlango wazi asijivunie ulinzi wake.

Na Roma je? Mwaka 1987 Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto wa 16, alitia sahihi hati iitwayo Donum Vitae. Mwaka 2008 ikafuata nyingine, Dignitas Personae. Wengi husema Kanisa linakataza vipimo. Si hivyo. Hati ya mwaka 1987 inakubali mtoto apimwe akiwa tumboni, mradi kipimo kisimdhuru, nacho kiwe cha kumlinda au kumponya. Kinachokataliwa ni kipimo ambacho jibu lake limekwisha kuandaliwa, kwamba akionekana mgonjwa atatupwa. Na hati ya mwaka 2008 inasema kwamba kupima viinitete katika kioo ni kwa namna hiyo: hakuna dawa inayomngoja aliye mgonjwa, bali kuna kuchaguliwa na kuachwa. Hayo ndiyo mafundisho, nami ndiyo ninayoyafundisha. Lakini sijapata kuona katika hati hizo njia ya kuyafanya yawe mepesi kwa mtu aliyechimba makaburi mawili madogo.

Nilirudi kwa mama yule na majibu yangu. Nilimwambia kwamba mtoto wa dada yake hakudanganya: mwaka 1999 madaktari wa New York walieleza jinsi walivyopima viinitete vya wazazi wawili wenye kubeba ugonjwa wa SS, na watoto waliozaliwa hawakuwa nao. Nikamweleza gharama yake, ambayo ni maelfu ya dola. Hapo alicheka, si kicheko cha furaha. Nikamweleza ya Hammersmith na wavulana wale. Akanyamaza kitambo, akauliza: «Walikuwa wangapi?» Sikuwa na jibu.

Kisha tukazungumza juu ya mambo yaliyo karibu nasi. Mtu aliye AS haumwi, naye huenda asijue kamwe kwamba anabeba. Akioana na AS mwenzake, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Nasema kila mimba. Wengi hudhani kwamba wakizaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima; sivyo, hesabu huanza upya kila mara, na ndivyo ilivyompata mama huyu. Kipimo cha damu cha wachumba huonyesha hayo kabla ya posa kupokelewa, wala hakuna anayeachwa katika kioo. Na mtoto aliyezaliwa SS, akijulikana mapema, akapewa penisilini, chanjo, asidi foliki na chandarua cha mbu, na pale inapopatikana dawa iitwayo hidroksiyurea, huishi zaidi na kuumwa kidogo kuliko zamani. Watoto wa mama huyu walijulikana wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba binti yake mkubwa amepimwa, naye ni AS. Kuna kijana wa ng'ambo ya mto aliyeleta maneno ya posa, lakini baba zake wadogo wasema kumpima kijana ni kumtukana. Alhamisi lori laenda hospitali. «Mwalimu,» akasema, «uje nasi, ukaongee na wale baba zake.»

Nikamwambia nitakuja.